Dawa za presha na sukari: namna ya kujua kidonge kinachokupandishia, na la kufanya

Sukari ya asubuhi ilikuwa ikisoma 7. Miezi miwili baada ya kuanzishiwa dawa ya presha inasoma 8.5, na chakula ni kile kile. Ukifika kliniki, swali la kwanza litakuwa ugali na chai, na ni swali la haki, kwa sababu chakula ndicho chanzo mara nyingi. Lakini zipo dawa za presha zinazopunguza nguvu ya insulini mwilini, zipo zisizoigusa kabisa, na zipo zinazoisaidia kidogo. Anayejua kidonge chake kiko kundi gani hujiepusha na miezi mingi ya kulaumu sahani isiyo na kosa.

Mwongozo huu ni wa mwenye kisukari cha aina ya pili anayemeza dawa ya presha au anayekaribia kuanza, na wa yule anayemhudumia nyumbani. Majina ya dawa tumeyaacha kama yanavyochapwa kwenye pakiti ili uweze kuyalinganisha na ya kwako.

Jambo moja litangulie: usiache dawa ya presha kwa lolote utakalosoma hapa. Utafiti wa UKPDS wa Uingereza, uliotoa matokeo yake mwaka 1998, uliwafuatilia wagonjwa 1,148 wenye kisukari cha aina ya pili na presha kwa pamoja. Kundi lililodhibitiwa kwa makini lilifikia wastani wa 144/82, jingine likabaki 154/87. Tofauti hiyo ndogo ilipunguza viharusi kwa asilimia 44 na vifo vitokanavyo na kisukari kwa asilimia 32. Sukari iliyopanda kwa pointi moja ina njia nyingi za kuishusha. Kiharusi kikishapita, kimepita na mkono au ulimi wa mtu.

Dawa ya presha inaingiaje kwenye sukari?

Insulini ikitoka kwenye kongosho hubisha hodi kwenye misuli, ini na mafuta ya mwili ili sukari ipokewe. Misuli ndiyo mpokeaji mkubwa. Mwili unaoisikia insulini vizuri hufungua kwa hodi moja. Mwili uliokuwa sugu huhitaji hodi nyingi, na kongosho la mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili tayari limechoka kubisha.

Dawa ya presha inaweza kuharibu mambo kwa njia tatu. Inaweza kupunguza insulini inayotoka kwenye kongosho. Inaweza kupunguza damu inayofika kwenye misuli, na insulini haiwezi kufanya kazi mahali isipofika. Inaweza pia kuongeza uzito na mafuta kwenye ini, na hayo ndiyo chakula cha usugu. Kinyume chake, dawa inayofungua mishipa midogo ya misuli au kuhifadhi potasiamu huelekea upande wa kusaidia.

Hatua ya 1: Tambua kidonge chako

Usisome jina kubwa la biashara. Tafuta jina dogo la dawa yenyewe, ambalo huwa chini yake au nyuma ya pakiti pamoja na idadi ya miligramu. Kisha tazama mwisho wa neno: -pril, -sartan, -dipine, -olol, -thiazide. Mwisho huo ndio unaokuambia ukoo wa dawa.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: vidonge vya mchanganyiko. Mtu anasema anameza losartan, na ni kweli, lakini kwenye pakiti baada ya jina pana herufi H au HCT, na miligramu zimeandikwa kwa mkwaju, mfano 50/12.5. Ile namba ya pili ni hydrochlorothiazide, dawa ya kukojoza. Ziko pia pakiti zenye amiloride pamoja na hydrochlorothiazide kwa kipimo cha 5/50, na hiyo 50 ni kubwa. Kama umeandikiwa vidonge viwili tofauti kutoka zahanati mbili, hakikisha hydrochlorothiazide haimo kwenye vyote viwili.

*Dawa za kukojoza za ukoo wa thiazidi.* Humu wamo hydrochlorothiazide, bendroflumethiazide ambayo pakiti nyingine huiandika bendrofluazide, na jamaa zao chlorthalidone na indapamide. Hizi ndizo zinazopandisha sukari kuliko zote, na pia ni miongoni mwa dawa bora za kuzuia kiharusi, tena za bei nafuu. Ndiyo maana haifai kuzikimbia bila kufikiri.

Sababu kubwa ni potasiamu. Mkojo unapoongezeka, potasiamu hutoka nao. Chembe za kongosho zinazotoa insulini hutegemea mwendo wa potasiamu ndani na nje ya kuta zake, na ikipungua, insulini hutoka kidogo na kwa kuchelewa. Juu ya hilo mwili huona maji yamepungua, ukaamsha homoni za kubana mishipa, na misuli ikawa sugu zaidi.

Kipimo cha dawa ni muhimu mno. Bendroflumethiazide ya 2.5 mg hushusha presha karibu sawa na ya 5 mg, lakini ya 5 mg huvuruga zaidi sukari na potasiamu. Kwa hydrochlorothiazide, 12.5 hadi 25 mg kwa siku inatosha wengi. 50 mg ni kununua madhara bila kupata faida ya maana. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao ALLHAT, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha ukubwa halisi wa jambo hili. Kati ya watu walioanza bila kisukari, baada ya miaka 4 waliofikisha sukari ya kufunga ya 7.0 mmol/L au zaidi walikuwa asilimia 11.6 kwa chlorthalidone, 9.8 kwa amlodipine na 8.1 kwa lisinopril. Tofauti ipo, wala si ya kutisha, na chlorthalidone haikuwa nyuma katika kukinga moyo.

*Vizuizi vya beta, wale wa -olol.* Atenolol, propranolol na metoprolol hupunguza kasi ya moyo, hupunguza damu ya misuli, hupunguza insulini inayotoka mara tu baada ya kula, na huongeza uzito polepole. Katika ule utafiti wa Uingereza, waliomeza atenolol waliongezeka wastani wa kilo 3.4 na wa captopril kilo 1.6, na HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi 3, ilikuwa juu zaidi katika kundi la atenolol kwa miaka 4 ya mwanzo: asilimia 7.5 dhidi ya 7.0 ya captopril. Hata hivyo dawa zote mbili ziliwakinga wagonjwa sawasawa.

Ndani ya ukoo huu wamo wawili wenye tabia tofauti, carvedilol na nebivolol, kwa sababu hufungua mishipa wakati wenzao wanaibana. Utafiti wa GEMINI wa mwaka 2004 uliwalinganisha wagonjwa wa kisukari wenye presha: HbA1c haikusogea kwa carvedilol, ilhali kwa metoprolol ilipanda kidogo.

Kumbuka kwamba propranolol huandikwa pia kwa kipandauso, tezi ya shingo na kutetemeka mikono. Kama imeandikwa na daktari mwingine kwa sababu nyingine, mtaje huyo na dawa yake kwenye kliniki ya kisukari.

*Wale wa -pril na -sartan.* Enalapril, captopril, lisinopril, ramipril, perindopril. Losartan, valsartan, candesartan, telmisartan. Hawa hawapandishi sukari, na kwa baadhi ya watu huisaidia insulini kidogo. Valsartan katika utafiti wa NAVIGATOR wa mwaka 2010 ilipunguza kwa asilimia 14 idadi ya walioingia kwenye kisukari. Faida hiyo ni ndogo. Kinachowapa nafasi ya mbele kwa mwenye kisukari ni figo. Mkojo ukianza kuvuja protini, kundi hili ndilo la kwanza. Usitumie -pril na -sartan kwa pamoja: havikingi zaidi, na figo huumia. Ukimeza -pril ukapata kikohozi kikavu kisichoisha, omba kubadilishiwa kwa -sartan. Ukivimba midomo, ulimi au uso, acha kidonge hicho na uende hospitali saa hiyo hiyo.

*Wale wa -dipine.* Amlodipine na nifedipine ya kuyeyuka polepole haziigusi sukari. Huvimbisha miguu kwa baadhi ya watu, na uvimbe huo hautibiwi kwa kuongeza dawa ya kukojoza.

*Wengineo.* Methyldopa haina neno kwa sukari. Furosemide hupoteza potasiamu kama thiazidi, na si dawa ya kawaida ya presha isipokuwa moyo au figo zimeshindwa. Spironolactone huhifadhi potasiamu, lakini inaweza kupandisha HbA1c kidogo.

Hatua ya 2: Chukua namba za mwanzo kabla ya kuanza au kubadilisha

Bila namba za kabla, namba za baada hazisemi kitu. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi ya yote: dawa inaanzishwa, sukari inapanda, na hakuna anayeweza kusema ilikuwa ngapi.

Pima sukari ya asubuhi kabla ya kula kwa siku 3 mfululizo na uandike zote, usichague iliyo nzuri. Pima mara moja au mbili saa 2 baada ya chakula kikubwa cha siku. Maabara waombe HbA1c, potasiamu, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo), na kipimo cha protini kwenye mkojo. Andika uzito na mzingo wa kiuno. Mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu amweleze daktari, kwa sababu HbA1c yake inaweza kudanganya, na hapo vipimo vya kidole vya nyumbani ndivyo vya kutegemea.

Presha nayo ipimwe kwa utaratibu. Kojoa kwanza. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara ndani ya nusu saa. Kaa dakika 5 ukiegemea, nyayo chini, usikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usizungumze. Pima mara 2 kwa kupishana dakika 1 au 2. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu, na mtu huongezewa dawa asiyoihitaji. Hilo nalo ni chanzo cha thiazidi kufikia kipimo kisichostahili.

Hatua ya 3: Baada ya kuanza, pima kwa ratiba

Wiki ya 1 hadi ya 2 ni ya potasiamu na kreatinini, ukiwa umeanza dawa ya kukojoza, -pril au -sartan. Potasiamu ya kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0 mmol/L. Thiazidi huishusha, -pril na -sartan huipandisha, na mara nyingi mbili hizo zikiwa pamoja huzuiana, ndiyo maana mchanganyiko wa losartan na hydrochlorothiazide huisumbua sukari kidogo kuliko hydrochlorothiazide peke yake. Kreatinini ikipanda kwa chini ya asilimia 30 baada ya -pril au -sartan, huvumiliwa na kufuatiliwa. Ikipita hapo, au potasiamu ikipita 5.5, daktari ajue siku hiyo.

Sukari ya kidole pima siku 3 kwa wiki kwa wiki 4 za mwanzo, asubuhi kabla ya kula, saa ile ile. Kama vijiti ni ghali na huna vya kutosha, bora asubuhi 2 kila wiki kuliko kumi siku moja kisha kimya. Wiki ya 12 rudia HbA1c na uzito. Usirudie mapema zaidi, kwa kuwa kipimo hicho hubeba historia ya takriban miezi 3, na ukikifanya wiki ya 5 utakuwa unasoma zaidi maisha ya kabla ya dawa.

Hatua ya 4: Sukari imepanda. Ni dawa kweli?

Kabla ya kukinyooshea kidonge kidole, pita kwenye maswali haya.

Je, ulinawa mikono kabla ya kupima? Kidole kilichoshika embe au sukari hutoa namba ya uongo. Vijiti havijapita tarehe, na kopo lake halikuachwa wazi? Insulini ilihifadhiwa wapi? Insulini iliyokaa dirishani au kwenye gari juani hupoteza nguvu huku ikionekana safi.

Kuna ugonjwa? Jino bovu, kidonda cha mguu, mkojo wenye maambukizi, malaria, kifua kikuu: vyote hupandisha sukari kuliko thiazidi yoyote. Umechomwa sindano ya maumivu ya viungo au umepewa prednisolone au dexamethasone kwa pumu au mzio? Dawa hizo za steroidi hupandisha sukari ndani ya siku, na presha pia.

Kisha tazama mwendo wa namba. Kupanda kwa thiazidi au atenolol huwa kwa polepole, wiki hadi miezi, na huwa kwa kiasi: mara nyingi chini ya pointi 1 ya mmol/L kwa sukari ya kufunga. Sukari iliyotoka 7 ikafika 16 kwa wiki moja haijasababishwa na bendroflumethiazide ya 2.5 mg. Tafuta maambukizi, steroidi au insulini iliyoharibika, na utafute haraka.

Kama hakuna kati ya hayo, mwendo ni wa polepole, na potasiamu iko 3.2 au 3.3, sasa una kesi nzuri dhidi ya dawa ya kukojoza. Kama potasiamu iko sawa, unameza atenolol na uzito umeongezeka kilo 2, una kesi dhidi ya atenolol.

Hatua ya 5: Ipeleke kesi kwa daktari

Beba daftari na pakiti zote, zikiwemo za dawa za asili na za maumivu. Sema kwa ufupi: dawa ilianza tarehe hii, namba za kabla ni hizi, za baada ni hizi, potasiamu ni hii. Hayo yatafanya kazi kubwa kuliko kusema "hii dawa hainipendi". Halafu zungumzeni kuhusu njia zifuatazo, ambazo si zote zitakufaa.

Ya kwanza ni kushusha kipimo cha thiazidi badala ya kuifuta. Ya pili ni kurudisha potasiamu. Kwa mtu mwenye figo nzima, chakula husaidia: mchicha, maharage, parachichi. Ndizi na dafu zina potasiamu pia, lakini zinakuja na sukari yake, hivyo mchicha na parachichi ni chaguo la busara zaidi. Chumvi nyingi hufanya thiazidi ipoteze potasiamu zaidi. Ukitaka kidonge kile kile kikusumbue kidogo, punguza chumvi ifike chini ya kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikihesabiwa na ile ya kwenye samaki wakavu, mkate na viungo vya vipande. Tahadhari: anayemeza -pril, -sartan au spironolactone, au mwenye figo dhaifu, asijiongezee potasiamu bila kipimo, na asinunue chumvi mbadala, kwani nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Potasiamu iliyozidi husimamisha moyo bila hodi.

Njia ya tatu ni kubadilisha jozi ya dawa. Utafiti wa CREOLE uliochapishwa mwaka 2019 ulifanyika katika nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, kwa watu weusi wenye presha. Amlodipine pamoja na perindopril ilishusha presha sawa na amlodipine pamoja na hydrochlorothiazide, na zote mbili zilishinda jozi ya perindopril na hydrochlorothiazide isiyo na amlodipine. Kwa mwenye kisukari tunaona hii ni habari ya kutumia: mara nyingi unaweza kuanza na amlodipine pamoja na -pril au -sartan, ukaacha thiazidi iwe dawa ya tatu presha inapokataa kushuka. Inapofikia hapo, ipokee. Presha ya 160 ni hatari kubwa kuliko HbA1c iliyopanda kwa 0.2.

Njia ya nne inahusu vizuizi vya beta. Muulize daktari kwa nini ulipewa. Kama ni presha tu, pengine ipo dawa nyingine. Kama umewahi kupata shambulio la moyo, moyo umedhoofika au mapigo hayana mpangilio, dawa hiyo inalinda uhai wako, na swali linakuwa kama carvedilol inaweza kuchukua nafasi yake. Usiikatishe ghafla kamwe. Mwili uliozoea kuzuiwa ukiachiwa mara moja, mapigo na presha huruka, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata shambulio. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki 1 hadi 2 au zaidi, daktari akisimamia.

Njia ya mwisho, ambayo madaktari wengi huichagua na si vibaya, ni kuiacha dawa ya presha ilivyo na kurekebisha matibabu ya kisukari. Pamoja na hilo, kutembea kwa kasi dakika 30 kwa siku 5 za wiki huifanya misuli ipokee sukari hata pale insulini inapobisha kwa unyonge. Hakuna kidonge cha presha kinachofikia hapo.

Kizuizi cha beta na sukari inayoshuka bila taarifa

Tunalisimamisha hili peke yake kwa sababu linaua haraka kuliko yote yaliyotangulia.

Sukari ikishuka chini ya 4 mmol/L, mwili hupiga kelele: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, unapata wasiwasi na njaa. Kizuizi cha beta huzima mapigo ya mbio na kutetemeka. Jasho halizimwi, kwa sababu mishipa ya fahamu inayotoa jasho haipiti kwenye njia ambayo dawa imeifunga. Hivyo anayemeza atenolol au propranolol pamoja na insulini au vidonge vya kisukari vya glibenclamide au gliclazide akariri hili: jasho la baridi lisilo na sababu ni sukari imeshuka mpaka mashine iseme vingine. Wa nyumbani wajue pia kwamba kuchanganyikiwa, kujibu hovyo au ukali wa ghafla si tabia mbaya. Wapime.

Ikiwa chini ya 4 na mtu anameza vizuri, mpe gramu 15 za sukari: vijiko 3 vya chai vilivyojaa kwenye maji, au nusu ya chupa ya soda ya kawaida ya 300 ml, isiwe ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado. Ikishapanda, ale chakula cha kawaida. Propranolol huchelewesha pia kupanda kwa sukari, kwa hiyo usiridhike na kipimo kimoja kizuri. Pima tena baada ya saa moja. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Aliyeshushwa na glibenclamide huweza kushuka tena saa kadhaa baadaye, hasa akiwa mzee au figo zake dhaifu, na hafai kurudishwa nyumbani mara tu anapozinduka.

Atenolol na glibenclamide kwa mzee anayeishi peke yake ni jozi ambayo sisi tungeomba ivunjwe.

Nyakati ambazo mambo huharibika

Kuharisha na kutapika. Dawa ya kukojoza, -pril au -sartan, na metformin katika mwili uliokauka huangusha figo. Wagonjwa wengi huambiwa wazisimamishe kwa siku 1 au 2 mpaka wale na kunywa kawaida. Muulize daktari wako leo kama nawe umo, uandike jibu kwenye daftari, usingoje siku ya ugonjwa. Insulini usiisimamishe. Anayemeza dawa za kisukari za dapagliflozin au empagliflozin naye asimamishe, kwani hukojoza pia.

Maumivu. Diclofenac na ibuprofen hupandisha presha, na zikikutana na dawa ya kukojoza pamoja na -pril au -sartan, figo hubanwa pande tatu kwa mpigo. Paracetamol ndiyo ya kuanza nayo.

Ramadhani. Nenda kliniki wiki 6 hadi 8 kabla. Dawa ya kukojoza ukiimeza daku itayatoa maji uliyoyanywa kabla jua halijapanda. Uliza kama inaweza kuhamia futari au kubadilishwa kwa mwezi huo. Endelea kupima sukari mchana, kutoboa kidole hakufunguzi. Sukari ikishuka chini ya 4 au ikipita 16.6, fungua, hata kama zimebaki dakika kumi adhana ilie. Anayemeza kizuizi cha beta apime alasiri kila siku, kwa sababu ndiyo saa ambayo sukari hushuka na yeye hatasikia.

Mimba. Mwanamke anayemeza -pril au -sartan akikosa hedhi apime mimba mara moja, na ikiwepo asimamishe dawa hizo siku hiyo na kwenda kliniki siku hiyo hiyo kubadilishiwa, kwa kuwa huharibu figo za mtoto tumboni. Badala yake hutumika methyldopa, nifedipine ya kuyeyuka polepole au labetalol. Hiyo labetalol nayo ni kizuizi cha beta, kwa hiyo mjamzito anayechoma insulini akipewa, kanuni ya jasho la baridi inamhusu na yeye, usiku hasa: mashine na sukari viwe kando ya kitanda.